Pumzika, Bibi

Kwa mishahara yangu mitatu ya kwanza nilimnunulia bibi kochi. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya binafsi, nikajibana kwenye nauli na chakula cha mchana mpaka fedha ikatimia. Lilikuwa kochi la watu wawili, jekundu, lenye sponji nene. Lilifika Ngamiani juu ya guta, bado limo ndani ya nailoni yake, na bibi alipoliona alitoka barazani akapiga kigelegele majirani wakachungulia.

Alikaa. Akazama. Nyayo zake ziligusa sakafu kwa ncha za vidole tu.

"Mume wangu," aliniambia, "hapa nitaondoka kwa jeneza."

Tulicheka wote. Kwetu Tanga bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mume asiyemstarehesha mkewe ni mume gani? Siku ile nilijiona mwanaume kamili.

Kabla ya kochi bibi alikuwa na kigoda. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa juu ya kigoda hicho kila alfajiri baada ya swala, jiko la mkaa mbele yake na chuma cha vitumbua juu ya jiko, akipika na kuuza. Wengi wetu nyumbani tulisomeshwa na vitumbua hivyo. Deni la mteja alilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa uani, mstari mmoja kwa kila kitumbua, na mtu akilipa alifuta mistari yake kwa kitambaa kibichi. Hakuwahi kukosea. Na kila mara alikuwa anainuka: kufuata mchele uliosagwa, kufuata chenji chumbani, kumfukuza kuku, kumrudishia mtoto wa watu shilingi mia aliyoisahau. Akiinuka anaketi, akiketi anainuka.

Kisha magoti yakaanza. Asubuhi yalikuwa magumu mpaka atembee kidogo ndipo yalainike. Akishuka ngazi mbili za barazani alishika ukuta. Alipochuchumaa tulisikia mlio, kama mtu anayetafuna bisi. Aliwahi kwenda zahanati moja, akaambiwa ni umri, apumzike, akapewa vidonge vya maumivu. Vilipoisha alianza kuvinunua mwenyewe duka la dawa.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni. Baba alikuwepo, baba mdogo pia, na shangazi, bintiye bibi anayeishi naye. Kila mtu alichangia kadiri yake. Baba aliahidi fedha ya matumizi kila mwezi, baba mdogo akaleta msichana wa kazi wa kupika na kwenda sokoni, mimi nikaleta kochi. Jiko la vitumbua likaondolewa barazani. Hatukugombana hata kidogo. Sote tulikuwa na neno moja, na tulilisema kwa upendo: mama pumzika, bibi pumzika, umefanya kazi ya kutosha.

Alipumzika miaka miwili.

*

Niliporudi Tanga kwa muda mrefu nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam, na tasnifu yangu ilihusu majina ya maradhi katika Kiswahili cha pwani. Ndani ya basi, kabla hatujafika Kibaha, alisimama kijana mwenye mkoba akatangaza dawa ya unga inayotibu kiuno, magoti, nyonga, ganzi ya miguu na nguvu za kiume. Wanawake wanne walinunua. Niliandika daftarini majina yote aliyoyataja, nikifurahi kwamba utafiti wangu umeanza kabla ya kufika.

Mtu wa kwanza kumhoji alikuwa bibi. Nilimuuliza ugonjwa wake anauitaje. "Baridi yabisi," alisema, kama unavyotaja jina la mpangaji msumbufu. Nikamweleza kwamba yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake ni kavu. Tiba ya zamani ya Wayunani, iliyoendelezwa na matabibu kama Ibn Sina, ilipima mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Maradhi ya baridi na ukavu yalitakiwa kupewa kinyume chake, joto na unyevu. Ndiyo maana, nikamwambia, unajichua mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto.

"Haya," alisema. "Na hivyo vitabu vyako vinasemaje kuhusu kuinuka?"

Wakati huo adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Bibi alijaribu kuinuka kwenye kochi. Alijisukuma kwa mikono, sponji ikamrudisha. Akajaribu tena. Mara ya tatu alinyoosha mkono bila kuniangalia usoni, nami nikamvuta. Alikuwa mzito kwa namna ambayo sikuizoea, uzito wa mtu ambaye miguu yake haimsaidii. Alitembea hadi chumbani akiburuza kandambili, akaswali akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki.

Jioni alinieleza jambo ambalo hakuwaeleza wanawe. Mtu asiyeweza kusimama ana ruhusa ya kuswali ameketi, hilo analijua tangu chuoni, na shehe wa mtaa amemhakikishia kwamba swala yake ni kamili. "Mimi sibishani na ruhusa ya Mungu," alisema. "Lakini faradhi tano zina rakaa kumi na saba, na kila rakaa ina sijida mbili. Ni sijida thelathini na nne kwa siku. Mimi nimekaa mwaka mzima na zaidi, paji langu la uso halijagusa chini."

Sikuwa na la kumjibu. Daftari lilikuwa mapajani na sikuandika kitu.

*

Hospitali tuliyokwenda ilimpiga picha za magoti. Daktari alituambia kwanza kwamba jina letu moja linabeba magonjwa zaidi ya moja. Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Huo huwapata hata vijana, mara nyingi huvimbisha vidole vya mikono yote miwili, na una dawa zake ambazo hazitakiwi kucheleweshwa. Ipo jongo, inayoletwa na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo. Wa bibi ulikuwa ule wa kulika kwa viungo, ambao goti ndilo linaloupata zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa nao, na asilimia 60 hivi kati yao walikuwa wanawake.

Daktari aliuliza pia kuhusu vidonge. Bibi ana presha, na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, zikimezwa kila siku, hupandisha presha na kuumiza tumbo na figo. Alimpunguzia, kisha akatuelekeza chumba cha fiziotherapia.

Nilitarajia mashine. Tulikuta kitanda, mipira ya kuvuta, ngazi tatu za mbao zisizokwenda popote, na dada wa umri wangu aliyempigia bibi goti akisema shikamoo.

"Bibi, unataka goti lako lifanye nini?" aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Sisi tulikuwa tukimuuliza linauma kiasi gani.

"Nataka kusujudu."

Yule dada aliandika. Hakusema itawezekana, wala hakusema haitawezekana. Alimweka bibi kwenye kiti kigumu, akamwambia akunje mikono kifuani na ainuke. Bibi hakuinuka. Akamruhusu kutumia mikono, akashika saa. Kwa sekunde 30 bibi aliinuka mara tatu, na ya tatu ilikuwa nusu.

Kisha akatueleza. Ndani ya goti ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, ngozi ngumu inayoteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Goti lisilotembea halipati ute wa kutosha. Tena, goti halibebwi na mifupa peke yake. Linabebwa na misuli ya paja. Misuli isipotumika hupungua, ikipungua mzigo unaliangukia goti, goti likiuma mtu anakaa, na akikaa misuli inapungua zaidi. Mazoezi hayarudishi gegedu lililokwisha kulika, alisema, na asitudanganye mtu. Lakini yanaweza kupunguza maumivu na kurudisha nguvu, na tusitarajie kuona mabadiliko kabla ya wiki sita hadi kumi na mbili.

"Nyumbani anakaa wapi mchana?"

Nilieleza kochi. Niliona nikilisifia, unene wa sponji na kila kitu, mpaka nilipomtazama usoni.

"Kaka," alisema taratibu, "hilo kochi ni la chini na linabonyea. Hata wewe ukiinuka pale unatumia nguvu nyingi. Mtafutieni kiti kigumu kidogo, kirefu, chenye mikono."

Njiani bibi alikaa kimya ndani ya bajaji. Nadhani alikuwa ananionea huruma. Mimi nilikuwa nawaza kigoda. Kila alfajiri kwa miaka thelathini na zaidi bibi alikuwa anafanya zoezi lilelile aliloandikiwa leo hospitali, bila saa na bila karatasi, na sisi tukamchangia fedha aache. Kama magoti yake yangeuma vilevile angebaki na kigoda, sijui. Najua kwamba mapaja yaliyokuwa yakimbeba tuliyapumzisha mpaka yakaisha.

Nilifikiria pia lile neno letu. Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilipaswa kuligundua mapema. Pumzika tunamwambia mtu aliyetoka shambani, na tunalisema tena juu ya mtu tuliyekwishamzika.

*

Kiti nilimwagiza seremala wa mtaa wa pili, wa mbao ya mninga, kimo cha sentimita 48. Karatasi ya hospitali ilikuwa na mambo manne. Kuinuka na kuketi kwenye kiti, mara tano, asubuhi na jioni. Kulala chali, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooka, na kuunyanyua ule ulionyooka juu kidogo, kuhesabu hadi tano, kuushusha. Kukaza misuli ya paja huku kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya goti, kama unakiponda. Na kutembea, siku ya kwanza hadi nyumba ya tatu na kurudi.

Palikuwa na kanuni moja juu ya maumivu, na ndiyo iliyotusumbua. Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunaruhusiwa. Maumivu yakiendelea hadi kesho yake, punguza, usiache.

Shangazi hakuikubali kanuni hiyo. Siku ya nne alirudi kutoka kazini akamkuta bibi anatoka jasho, nimesimama mbele yake, nahesabu.

"Hivi wewe," alisema, "huyu ni mama yangu, amenizaa. Leo nije nimkute anaambiwa kaa, simama, kaa, simama, kama mtoto wa darasa la kwanza? Ndiyo elimu hiyo?"

"Shangazi, hospitali wamesema..."

"Hospitali walisema apumzike. Hata wewe ulisema apumzike. Ulileta na kochi."

Hilo lilikuwa kweli tupu na sikuweza kulijibu. Nisingeweza kumwambia shangazi, aliyemfulia mama yake na kumkanda miguu usiku kwa miaka miwili, kwamba upendo wake ulikuwa umemdhoofisha. Ningemwambia kwa heshima ipi? Na mimi ningekuwa nani, niliyepeleka kochi nikaondoka?

Bibi ndiye aliyemjibu. "Mwache mume wangu. Umenikalisha miaka miwili nikakutii. Mpe yeye miezi mitatu."

Wiki ya tatu bibi alijisikia vizuri, akajitia ujana, akaenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu. Kesho yake goti la kulia lilivimba, akashinda kitandani. Shangazi hakusema neno. Alichemsha maji, akatayarisha mafuta, akanipita mlangoni kana kwamba mimi ni nguo iliyoanikwa. Nilimpigia simu yule dada wa hospitali. Kitambaa cha maji baridi, alisema, apumzishe siku mbili, kisha arudie nusu ya alichokuwa anafanya. Alitumia neno lile lile, apumzishe, lakini alilipa mwisho.

Siku ya tatu nilimwona bibi ameketi kwenye kiti cha mninga, mikono kwenye viegemeo, anatazama ukuta. Nilijua anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona bibi anaogopa kitu, na nilitaka sana kumwambia basi, bibi, acha. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno rahisi na la adabu.

"Moja," alisema mwenyewe, akainuka.

*

Nilirudi chuoni. Nikawa napiga simu kila jioni baada ya magharibi, na shangazi ndiye aliyepokea. Mwanzoni alijibu kwa mkato. "Amefanya." "Hajafanya." Kisha ikawa, "Amefanya nane, lakini anaiba, hakai mpaka chini." Siku moja nikasikia sauti yake ikihesabu kwa mbali kabla hajaweka simu sikioni. Alikuwa ameanza kunyanyua mguu pamoja na mama yake, kitandani, kwa sababu ya kiuno chake mwenyewe.

Bibi alikataa kalenda niliyomwachia. Alirudi kwenye ukuta wa uani, akawa anachora mstari wa mkaa kila akimaliza. Aliniambia kwamba sasa goti ndilo linalodaiwa.

Baada ya miezi mitatu tulimrudisha hospitali. Sekunde 30, mikono kifuani: aliinuka mara saba. Yule dada alisema kwa umri wake wa miaka 71 bado ni pungufu. Bibi alimwambia mbona yeye hatoi pongezi kabla ya kutoa deni, wakacheka. Magoti hayajapona. Asubuhi za mvua bado ni magumu, na mlio wa bisi bado upo. Lakini anashuka ngazi za barazani bila ukuta, na Ijumaa amerudisha jiko. Anapika vitumbua vya kilo mbili za mchele tu, msichana wa kazi anasaga, bibi anauza na kuzozana na wateja.

Likizo iliyopita nilikuwa nimelala sebuleni, kwenye kochi. Ndiko ninakolala siku hizi nikienda, maana hakuna mtu mwingine anayelitaka. Usiku wa manane nilisikia maji ya udhu, kisha kandambili, kisha kitu kikiburuzwa chumbani kwa bibi. Nikainuka nikaenda hadi mlangoni. Ulikuwa wazi kidogo.

Alikuwa amekunja blanketi mara nne juu ya mkeka, na kiti cha mninga amekivuta ubavuni. Alikuwa amesimama anaswali. Akarukuu. Akasimama tena. Kisha akashika kiti kwa mkono wa kulia, akateremsha goti la kushoto polepole kwenye blanketi, akanyamaza, akateremsha la kulia. Nilisikia pumzi yake. Akaweka mikono chini, halafu paji la uso.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Akafanya sijida ya pili. Kisha ikabaki kuinuka. Mkono wake ulitafuta kiti, ukakipata, ukateleza. Yumo ndani ya swala, siwezi kumuuliza nikushike, na yeye hawezi kuniambia njoo wala usije. Nilikuwa nimekwishaingiza mguu mmoja chumbani. Mkono ukarudi kwenye kiti. Goti moja likanyanyuka, unyayo ukakanyaga chini, paja likatetemeka. Nilijikuta nahesabu kimoyomoyo. Nilifika kumi na tisa ndipo akawa amesimama.

Rakaa ya pili aliimalizia kwenye kiti. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, na upande huo ndipo aliponiona.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu sijida ya kwanza."

"Na hukunishika."

"Sikukushika, bibi."

Alijipangusa uso kwa viganja. Kisha akachukua tasbihi yake juu ya mto.

"Vizuri," alisema. "Nenda kalale, mume wangu. Kochi lako linakungoja."